Mafundi Uliowatuma

Mtaa wa Lavelle,
St. Louis, Missouri.
Jumamosi, 14 Septemba 2019.

Mpendwa ndugu yangu Thaddeus,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye joto, ambako hata mwezi huu wa tisa mtu bado analala na feni usoni. Kabla ya yote nataka kujua moyo wako unaendeleaje. Mkeo Marguerite ananiambia kwamba sasa unatembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi, na kwamba umeanza tena kugombana na kila anayekunyima chumvi. Nilipolisikia hilo la chumvi nilimshukuru Mungu, maana Thaddeus asiyebisha ni Thaddeus aliye taabani.

Sisi huku hatujambo kiasi. Nyonga yangu mpya inafanya kazi vizuri kuliko kiungo kingine chochote nilichobaki nacho, ila nikitoka nje bado naegemea fremu yangu ya kutembelea. Mama naye hajambo. Masikio yanazidi kumkimbia, lakini macho, ulimi na hamu ya kula ni vilevile. Jumapili iliyopita alimwambia mchungaji mpya kwamba mahubiri yake ni mazuri ila hayajui kwenda nyumbani. Mchungaji alicheka. Sisi wengine tulitazama viatu vyetu.

Barua yako ilifika, nami nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Ungeweza kupiga simu, na mimi pia ningeweza, lakini wewe tangu jeshini ni mtu wa barua. Safari hii nakushukuru kwa hilo. Kwenye simu sauti yangu ingenisaliti kabla hata sijamaliza kukusalimu.

Unauliza mambo mawili. La kwanza, nyumba yako iko vipi na kama paa lilistahimili mvua. La pili, Noelle ana nini. Unasema tangu arudi Anchorage hakai mezani nawe, hakutazami usoni, na ukimwuliza alijifunza nini St. Louis anajibu kwamba alijifunza mengi, kisha anaingia kuoga. Wewe unadhani binti yako amepata mchumba huku. Laiti ingekuwa mchumba, ningekwisha kumkagua meno na kukuletea ripoti.

Thaddeus, maswali yako mawili ni swali moja. Kaa kitako. Kama Marguerite yuko karibu mwite akae nawe. Yeye anajua yote. Ndiye aliyenisihi nisikwambie neno mpaka daktari aseme moyo umetulia, na juma lililopita daktari alisema.

Nyumba yako haipo.

Sisemi imeharibika, wala sisemi imevunjwa madirisha. Haipo. Pale palipokuwa na nyumba ya mama yako, Mama Mkubwa Lucinda, pana majani, misumari na vipande vya vigae vya bafuni, vile vya kijani. Nikisimama jikoni kwetu naona mpaka mtaa wa pili, jambo ambalo tangu nizaliwe sijawahi kuliona na sikuwa na haja ya kuliona. Imebebwa tofali kwa tofali, mchana kweupe, na watu wote tukitazama.

Unajua matofali yetu yanavyotafutwa. Ulipohama walikuwa wakiiba kwenye magofu tu, nyumba zilizoungua au zilizokwisha kuanguka zenyewe. Sasa hata nyumba yenye paa zima na kufuli mlangoni, ikishaonekana tu haina mtu, wanaiingia kwa nyuma kupitia kichochoro. Yanapakiwa kwenye malori yanakwenda kusini, kwa watu wanaojenga nyumba mpya na wanataka ionekane ya zamani.

Sasa nikueleze ilivyoanza, na nakuomba usikasirike kabla hujafika mwisho.

Mimi nilikuwa kituo cha mazoezi baada ya kuwekwa nyonga. Mama alikuwa peke yake mchana, Bwana Purvis akimwangalia kutoka barazani kwake ng'ambo ya barabara. Unamjua Purvis anavyoangalia: jicho moja kwa Mama, masikio yote kwenye besiboli ya redioni. Na wewe, ukumbuke, Krismasi iliyopita ulimwambia Mama kwamba umeona ukuta wako wa nyuma umetoa tumbo, na kwamba joto likianza utatuma mafundi. Sikulaumu kwa hilo. Ungewatuma kama moyo usingekuangusha. Lakini Mama alikuwa akiwasubiri.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa sita akasikia nyundo upande wako. Masikio yale hayasikii kengele ya mlango, lakini nyundo yaliisikia. Akatoka na gauni lake la nyumbani akakuta wanaume vijana wanne, weusi wenzetu, wenye adabu, wamevaa mpaka kofia za ujenzi. Akawauliza, "Ni Thaddeus aliyewatuma?"

Hebu fikiria wewe ni mwizi, unaulizwa swali kama hilo. Wakamjibu, "Ndiyo, mama, ni Bwana Thaddeus."

Tangu hapo jina lako likawa kibali chao. Purvis alipovuka barabara kuuliza, aliambiwa wametumwa na Thaddeus, akarudi kwenye besiboli yake. Watu wa kanisani walipopita, Mama mwenyewe aliwaambia, tena kwa maringo, "Karanga anatengeneza nyumba ya mama yake. Anarudi nyumbani." Bado anakuita Karanga, ndugu yangu, na mvi zako zote hizo.

Na akaanza kuwapikia. Hakuna mtu aliyewahi kufanya kazi karibu na mlango wa Mama akaondoka bila sahani, hata yule msoma mita aliyekuja kutukatia gesi mwaka ule. Akawakaangia kambare kwa tambi. Akawapikia sukuma na shingo ya bata mzinga, mkate wa mahindi, na siku za Ijumaa pai ya pichi. Kila sahani ilifunikwa kwa foili, ile karatasi ya fedha ya jikoni, na kukabidhiwa mtu mkononi. Wezi wako walinenepa, Thaddeus. Sijui nicheke au nilie ninapoandika haya.

Niliporudi nyumbani, kitu cha kwanza nilichokiona dirishani mwa jikoni ni mbingu mahali palipokuwa na ukuta wako. Nilijua palepale. Nikamwambia, "Mama, hawa si mafundi. Fundi anapandisha ukuta, hashushi."

Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyepungukiwa. "Earlene, umewaona wanavyofanya? Wanakaa chini, wanakwangua saruji ya zamani kwa vishoka, tofali moja moja, wanalipangusa, wanalipanga. Mtu anayetaka kuharibu kitu anakisafisha kwanza?"

"Mama, nisikilize."

"Wewe umetoka hospitali na madawa kichwani. Mpigie Karanga kama huniamini."

Na juma lile, ndugu yangu, wewe ulikuwa umelala umefunguliwa kifua. Nilimpigia Marguerite, akalia, akanisihi nisikwambie neno. Sikuweza kukupigia. Sikuweza pia kumwambia Mama kwa nini sikupigii, kwa sababu hajui hata leo kwamba ulipasuliwa. Tangu Mama Mkubwa afe moyo ukiwa umemsimama palepale kanisani, neno moyo halitajwi mbele yake. Nikamwambia uko safarini, hupatikani. Akasema, "Basi acha watu wafanye kazi."

Niliwaendea mwenyewe, na fremu yangu, nikivuka majani kama kobe. Nilikuwa nimejiandalia matusi ya kutosha watu wanne na mengine ya akiba. Kabla sijafungua kinywa, kiongozi wao akavua kofia. "Bi Earlene! Hunikumbuki? Tavares. Shuleni ulikuwa unaniongezea viazi."

Nilimkumbuka. Nimepika shule ile hadi walipoifunga, nimelisha watoto wengi mno, lakini wale waliokuwa wakirudi dirishani na sahani tupu huwezi kuwasahau. Matusi yangu yote yakanikauka.

"Tavares," nikasema, "hii nyumba ina mwenyewe."

"Anaishi wapi?"

"Alaska."

Akacheka, lakini si kwa ubaya. "Alaska! Bi Earlene, tusipoichukua sisi, kuna wengine wanaichoma kwanza. Moto ukizimwa kwa maji, saruji inalegea, matofali yanatoka kama meno ya mtoto. Na moto ukiwaka hapa, na kwenu unaruka. Sisi angalau hatuchomi."

"Kwa hiyo nikushukuru?"

"Hapana, mama. Nakwambia tu ilivyo."

Nilirudi ndani nikapiga ile namba ya polisi tunayopiga siku zote. Niliulizwa kama mimi ni mwenye nyumba. Nikasema mwenye nyumba yuko mbali, mgonjwa. Nikaambiwa basi yeye ndiye apige. Nilipiga tena kesho yake, na siku nyingine tena, nikawa najulikana kwa sauti. Kati ya simu na simu nilikaa jikoni nikisikia vile vishoka vikikwangua. Sijawahi kujiona mzee kama siku zile, na hapo sijahesabu nyonga.

Ndipo akaja Noelle.

Nikusifu kwanza, umelea mtoto. Alishuka na begi la vitabu zito kuliko la nguo, akamkumbatia Mama mpaka nikaogopa mbavu. Ulimtuma aje ajifunze watu weusi tulivyoishi katika miji hii, na yeye alikuja na maswali yake yamepangwa, simu imewekwa mezani inanasa sauti. Siku mbili za kwanza Mama alifurahi kama mtu aliyealikwa kwenye televisheni.

"Bibi, mlijisikiaje wazungu walipohama mtaa mzima?"

"Tulijisikia kuna nafasi ya kuegesha gari."

Noelle alicheka mpaka akapaliwa, kisha akauliza tena vizuri, na Mama naye akamjibu vizuri. Alimweleza baba yako, Baba Roscoe, alivyotoka Mississippi akaingia kiwanda cha matofali, akayachoma matofali mchana kutwa, na jioni akirudi kulala chumba kimoja na watu saba, kwa sababu mitaa iliyojengwa kwa matofali yale ilikuwa na mikataba isemayo mweusi haruhusiwi kuishi humo isipokuwa kama mtumishi. Na kwamba mikataba ile ilipokosa nguvu, yeye na Mama Mkubwa ndio waliokuwa weusi wa kwanza Lavelle. Usiku wa kwanza Baba Roscoe alipapasa kuta za chumba cha kulala akisema, "Nadhani hili ni langu. Na hili." Mimi hadithi hiyo nilikuwa sijawahi kuisikia. Wewe je?

Noelle aliandika yote, kisha akasema, "Bibi, twende ukanioneshe hizo kuta."

Mama akamwambia asubiri mafundi wamalize, kuna vumbi. "Baba yako atakuonesha mwenyewe zikiwa tayari."

Mtoto akanigeukia. Nilimpeleka nyuma. Wakati ule zilikuwa zimebaki kuta mbili na ngazi ya kupandia ghorofani isiyokuwa na ghorofa. Ile karatasi ya ukutani ya chumba chako, yenye ndege za kivita, ilikuwa ikipepea nje. Noelle akatoa simu. Akataka kukupigia palepale. Nikamwambia zungumza na mama yako kwanza. Akazungumza naye, akakata simu, akakaa chini kwenye majani na suruali yake nyeupe.

"Shangazi, kwa hiyo tunafanya nini?"

Niambie wewe, Thaddeus, ungemjibu nini. Mimi nilimwambia twende tukale.

Kesho yake mchana alipiga simu polisi bila kuniuliza. Alijitaja kuwa binti wa mwenye nyumba, na kwa jina hilo gari likaja, kitu ambacho mimi na sauti yangu inayojulikana hatukukipata. Askari alikuwa mmoja tu, mzungu, kijana, amelowa jasho kama sisi. Alipita ubavuni mwa nyumba, Noelle nyuma yake, na mimi nyuma ya Noelle. Wezi watatu walikuwa wamekwisha kutoweka kichochoroni. Tavares alikuwa juu ya ngazi ya kuegemeza, kishoka mkononi.

"Weka hicho chini. Shuka," askari akasema. Hakupiga kelele. Lakini mkono wake ulikwenda kiunoni ukabaki pale.

Tavares angeshukaje? Ngazi ilikuwa imesimama juu ya kifusi, inayumba, mkono mmoja umeshika ukuta na mwingine umeshika kishoka. Akitupa, atakuwa ametupa kishoka upande wa askari. Akiteremka nacho, atakuwa anamjia nacho. Akabaki kule juu hajui afanye nini, na macho yake hayakuwa kwa askari. Yalikuwa kwangu.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema: mwizi. Ndilo neno nililokuwa nikilitafutia msikilizaji tangu nitoke kituo cha mazoezi. Ulimi haukuinuka. Noelle alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono miwili, na nilijua anaona ninachokiona, kile ambacho sote tumekwisha kukiona kikitokea mitaa hii na mingine, na hakuna kitabu kinachohitaji kumfundisha mtoto wetu kipo vipi.

Basi mlango wa jikoni ukafunguka, Mama akatoka na sahani. Kilemba cha kulalia bado kiko kichwani. Hakuwa amesikia neno lolote lililosemwa, lakini aliona sare, akaona kijana mweusi juu ya ngazi, akaona mkono wa askari ulipo. Akaja moja kwa moja akasimama kati yao, karatasi ya fedha inametameta juani.

"Wewe mwanangu, unamtakia nini huyo?"

"Bibi, tafadhali rudi ndani. Tumepigiwa simu."

"Sisikii. Sema kwa nguvu."

"Tumepigiwa simu!"

"Kapiga nani? Mimi niko hapa tangu mama yako hajazaliwa, na sijapiga. Huyo ni fundi. Ametumwa na mwenye nyumba, mtoto wa dada yangu. Mnasema vijana wetu hawataki kazi, wakifanya kazi mnakuja kuwashikia bunduki? Huyo ni mjukuu wangu. Tavares, shuka ule, chakula kinapoa."

Askari akatugeukia sisi wawili. "Ni kweli?"

Noelle akanitazama. Mimi nikautazama ule mkono kiunoni. Haukuwa umesogea.

Nikasema ni kweli. Noelle naye, kwa sauti ya chini sana, akasema ni kweli.

Askari alijifuta uso, akaandika kitu, akaondoka. Tavares alishuka, akakaa juu ya lundo la matofali yako na sahani mapajani. Hakuweza kula. Mama akawa anamsugua mgongo na kumwambia, "Wamezoea kututisha, usiwaze, kula mwanangu." Nami nikajiambia kwamba baada ya hili, hata kama ana moyo wa jiwe, hatarudi.

Kesho yake walirudi mapema kuliko siku zote. Ukuta wa mbele waliufunga waya, wakauvuta kwa lori, ukaanguka kwa kishindo kilichotikisa sahani kabatini kwetu. Tavares hakutazama upande wetu. Siku ile ile Noelle alizima ile simu ya kunasia sauti, na hakuuliza swali lingine mpaka alipoondoka.

Kilichobaki ni kifupi, na ndicho kigumu zaidi.

Matofali yalipokwisha, mafundi hawakuja tena. Mama alingoja waanze kujenga. Kila siku alipika akaweka sahani kwenye kizingiti cha dirisha, na jioni tukazila sisi. Hatimaye, siku moja kabla ya safari ya Noelle, Mama alitazama nje dirishani kisha akamwita mtoto akae naye kochini.

"Nambie kweli. Baba yako aliwaambia wajenge au wabomoe?"

Nilikuwa mlangoni. Nilitaka kusema. Lakini ningesema nini? Kwamba aliwalisha waliotuibia? Kwamba jina la Karanga walilipata kinywani mwake? Kwamba mzee wa miaka ile, aliyesimama mbele ya bunduki kumwokoa mtu, alikuwa akimwokoa amalize kubeba nyumba ya dada yake? Sikuweza, Thaddeus. Na kumdanganya pia sikuweza tena, nilikuwa nimemaliza uongo wote.

Noelle ndiye aliyejibu. Alimshika mikono akamsemesha karibu na sikio ili asikie. "Wabomoe, Bibi. Baba aliamua hatarudi."

"Mbona hakuniambia?"

"Aliona aibu."

Mama alitikisa kichwa polepole. Aliuliza kitu kimoja tu tena, kama ulipata angalau bei nzuri ya matofali. Noelle akasema ndiyo. Mama akasema vyema, kisha akaenda kulala na jua likiwa bado liko nje.

Kwa hiyo sasa unajua kwa nini binti yako hakutazami usoni. Hajakukasirikia. Amekusingizia, mbele ya mtu uliyebaki naye kama mama, kwa sababu aliona mmoja kati yenu wawili lazima aumie na akakuchagua wewe, uliye mbali. Mtoto ana miaka kumi na tisa. Tafadhali usimwulize kitu. Siku akija mwenyewe kukaa mezani, msogezee sahani tu.

Mwezi ujao ni siku ya kuzaliwa kwa Mama na utampigia kama kila mwaka. Sijui utamwambia nini. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi nikidhani nitakapofika hapa nitakuwa nimepata neno la kukushauri, na sina. Ukimwambia kweli, utamuua kwa aibu. Ukinyamaza, utakuwa umebomoa nyumba ya mama yako kwa mikono yako mwenyewe mpaka siku Mama atakapokufa. Mimi niliyepaswa kuilinda nyumba ndiye ninayekuachia mzigo huo, na sina hata pa kuushika nikusaidie.

Bwana Purvis anakusalimu. Ameacha kusikiliza redio barazani. Kwaya ya kanisa inakuombea kila Jumatano, wakidhani wanaombea safari yako. Msalimie sana Marguerite, na umwambie sikuvunja ahadi yangu kwake. Mbusu Noelle kwenye paji la uso, bila maneno.

Na Mama, mama yako mdogo Odessa, naye anakusalimu. Nilimwambia nakuandikia, nikamwuliza kama ana ujumbe. Alisema nikuandikie kwamba amekusamehe, na kwamba ukipita St. Louis siku yoyote kitanda cha kulala kipo kwake.

Mungu aushike moyo wako, auponye, na akupe umri wa kutosha kutusamehe na sisi.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Earlene